Neno Aliloniachia Mwalimu

Katika maisha yangu nimenyimwa vitu viwili tu. Cha kwanza ni shule: baba alifariki nikiwa darasa la nne, na migomba haijipalilii yenyewe. Cha pili ni neno moja la Kiingereza, ambalo mzee mmoja wa Ibighi alilishika miaka na miaka akakataa kunipa. Vingine vyote nimejipatia kwa mikono hii. Nina malori mawili, mashine ya kusaga pale Kiwira, duka la jumla mjini Tukuyu, na nyumba ambayo mvua za kwetu, zinazonyesha kama zimelipwa, hazijawahi kuipenya hata tone. Sisemi haya kujisifu. Nasema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyenyimwa.

Mzee huyo nitamwita Mwalimu, kama mji mzima ulivyomwita, hata wale ambao hawakuwahi kukaa kwenye darasa lake.

Alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na alistaafu wakati ule mambo yalipoanza kulegezwa, enzi tulizoziita za ruksa. Mtu aliyekuwa akikimbizwa jana kama mlanguzi, leo anaitwa mfanyabiashara. Sukari ikarudi madukani, mitumba ikajaa, na ghafla kila mtu alikuwa na barua ya kuandika: ya leseni, ya kiwanja, ya mfadhili Ulaya. Mwalimu akaomba kibaraza mbele ya duka la mzee mmoja Mwislamu muuza vitambaa, akaweka meza, kiti na taipureta. Mzee wa vitambaa alikuwa mtu wa swala tano, Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, na sijawahi kuona watu wawili wakipendana vile huku wakibishana kila siku kuhusu kahawa ipi ni chungu.

Sasa sikiliza alivyofanya kazi. Waandishi wengine wa barua unawaambia unachotaka, wanapiga, unaondoka. Yeye alikusimamisha mbele ya meza, akavua miwani, akasema, "Haya, sema. Sema kwa Kinyakyusa. Kiingereza nitakiweka mimi." Ukimaliza, anaongea nawe habari za mvua, halafu anakuuliza lile lile kwa kupitia upande mwingine. Ndipo anavaa miwani. Alisema hawezi kuchagua neno la Kiingereza bila kujua mtu amesimama wapi.

Nilikuwepo siku kijana mmoja wa Kisiba alipokuja kuandikiwa barua kwa mfadhili.

"Mwalimu, andika mimi ni yatima."

"Baba yako nimemwona asubuhi anakunywa chai."

"Ni yatima kimaisha, Mwalimu."

"Basi nitaandika baba yako yu hai, na chai anakunywa."

Ndani ya duka mzee wa vitambaa alicheka mpaka mita ikamponyoka. Mwalimu hakucheka. Uso wake haukuwahi kucheka. Ulikaa vile vile akisema mzaha, akisali, akila. Wageni walimwogopa. Sisi tuliomzoea tulitazama masikio, kwa sababu yalisogea kidogo kitu kikimfurahisha.

Nilikwenda pale mara nyingi, si kwa barua, kwa mazungumzo. Nilikuwa nimeanza kupeleka ndizi Dar es Salaam, nikiwa na lori la kwanza, na aliniita Bwana Lori. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, wewe uko siriasi mno."

Akavua miwani. Nikajua nimekwisha.

"Bwana Lori, neno hilo mnalitumia kama kiberiti cha jirani, kila mtu anaazima. Sisi tunasema 'kwa dhati', tunasema 'kweli kabisa', tumemaliza. Mwingereza amekata huo mkungu chana kwa chana. Serious ni mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Huwezi kumtania. Akimpata tu, anacheka na wewe. Solemn ni Ijumaa Kuu. Hata mwizi wa ndizi akiwa kanisani siku hiyo ni solemn. Ni vazi, akitoka mlangoni analivua. Earnest ni mama anayepalilia mvua inamnyeshea mgongoni, nguvu zote zipo kwenye jembe, hana habari nani anapita."

"Mimi je?"

"Wewe ni serious. Na ni earnest. Nimekuona unapakia ndizi."

Nilifurahi sana. Mtu wa darasa la nne kupewa maneno mawili ya Kiingereza na Mwalimu mwenyewe! Nikauliza kama yamebaki mengine.

"Limebaki moja. Sincere. Hilo ni la mtu akiwa mbali, peke yake, hakuna anayemjua, na aliyemtuma hawezi kumwona."

"Hilo pia nipe."

Masikio yakasogea. "Hilo halitolewi kibarazani," akasema.

Alikuwa na mambo ambayo hayakupatana. Alichukia uongo, lakini daktari alipomkataza sukari, alimwambia mkewe ameacha, kisha anatia vijiko vitatu kwa mzee wa vitambaa. Alihimiza Kiingereza, lakini nyumbani ukisema hata "sori" alikufukuza mezani. Alikuwa na mwavuli mzuri na hakuufungua. Aliubeba umekunjwa, akilowa, kwa sababu, alisema, mvua ya Rungwe ukiikimbia itakudharau.

Na alikuwa na kijana.

Mtoto wao wa pekee. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akaandika barua mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kimya. Mwalimu hakumtaja kibarazani. Mkewe ndiye aliyemtaja. Mama Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, ukifika kwake huondoki bila sahani ya mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maziwa ya mgando. Alipoanza kuugua, kila aliyesafiri alimuuliza, "Hukumwona mwanangu huko?" Kana kwamba Dar es Salaam ni kama Tukuyu, ukisimama njia panda unawaona wote.

Siku moja Mwalimu alinifuata kwenye lori. Alikuwa hajawahi kunifuata. Akanipa karatasi yenye maelekezo ya nyumba huko Manzese, yameandikwa kwa herufi kubwa ili nisishindwe kusoma, na mfuko wenye sweta. Sweta la sufu, la kahawia. Mama Mwalimu alilifuma mwenyewe kitandani. Hakuwahi kufika pwani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba kule mtu analala bila shuka.

"Mwambie mama yake anaumwa," Mwalimu akasema. "Kama anaona aibu kwa sababu hana kitu, mwambie hatutaki kitu. Umpakie, uje naye. Hata akiwa hoi, umpakie."

"Mwalimu," nikamwambia, na nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, "nitamtafuta. Siriasi kabisa."

Sikwenda.

Nataka nieleze, ingawa najua maelezo ni nini. Ndizi haisubiri. Lori lilifika sokoni alfajiri, wanunuzi walinizunguka, nikauza, nikalala chini ya lori, nikaamka nikapakia sabuni na mitumba, nikaondoka. Nikasema safari ijayo. Safari ijayo ikawa vile vile. Manzese haikuwa mbali. Ningekodi teksi ningefika kabla chai haijapoa. Lakini nilikuwa najenga, nilikuwa napanda, kila saa niliona kama kuna mtu ananipita. Na safari moja, tulipokwama Makambako na baridi ile inayokata masikio, nikatoa sweta kwenye mfuko nikalivaa.

Niliporudi safari ya tatu, Mama Mwalimu alikuwa ameletwa kibarazani na kigoda chake aote jua. Aliniona kabla sijajificha. Akauliza. Kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Nimefika, mama. Nyumba nimeiona, mlango wa kijani. Nimemkuta mpangaji mwingine, ananiambia kijana amehamia Tanga, amepata kazi bandarini. Sweta nimemwachia mtu atampelekea."

Yule mama alipiga kigelegele. Mgonjwa, kifua kinamkwaruza, akapiga kigelegele mpaka wauza vitumbua wakageuka. "Bandarini! Baba, umesikia? Bandarini!"

Mwalimu alinitazama. "Mlango wa kijani," akasema.

"Wa kijani, Mwalimu."

"Ndaga," akasema. Asante ya Kinyakyusa, fupi, basi.

Nilijisikia vibaya siku mbili. Kisha ikatokea jambo ambalo lilinifanya niamini Kyala, Mungu wetu, ananipenda kuliko wenzangu. Kama miezi miwili baadaye nilikwenda kumjulia hali Mama Mwalimu, nikamkuta Mwalimu ameketi ukingoni mwa kitanda, anamsomea barua. Karatasi ya daftari, ina doa la mafuta ya taa pembeni. Barua ya kijana! Anasema yuko Tanga, kazi ni nzito lakini inalipa, amepanga chumba, bahari ameizoea, sweta amelipata na analivaa akienda zamu ya alfajiri. Mama amefumba macho, anatabasamu. "Soma tena hapo kwenye sweta," anasema. Mwalimu anasoma tena, sauti haitetemeki, uso ule ule.

Nilitoka pale nikitembea juu ya mawingu. Nilijiambia, wewe ni mtu wa bahati, hata uongo wako unazaa kweli. Nilikwenda tena mara mbili tatu, kila mara kuna habari mpya kutoka Tanga, na kila mara niliona doa lile la mafuta ya taa. Niliona. Sikufikiri. Nilikuwa na mambo mengi.

Mama Mwalimu alifariki mwanzoni mwa masika. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba yake, kama ilivyo kwetu. Mimi nilitoa lori kubeba watu, nilitoa ng'ombe, nililia kuliko wote. Watu wakasema yule tajiri ana moyo. Kijana hakuja, wakamlaani sana. Mwalimu alikaa kwenye majani ya mgomba amekunja mwavuli magotini, wakimlaani mwanawe mbele yake.

Mwaka uliofuata biashara ya kahawa nayo ikafunguliwa kwa watu binafsi. Akaja mzungu mmoja kutafuta wakala wa kununua kwa wakulima, mtu wa kuachiwa mzigo na ghala na funguo. Akataka barua ya Kiingereza kutoka kwa mtu anayeheshimika. Ningekwenda kwa nani tena? Mwalimu aliniandikia siku hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza hakunihoji. Alipiga taipureta muda mrefu, akaweka saini.

"Umeniweka vizuri, Mwalimu?"

"Nimekuweka ulivyo."

Mzungu alisoma, akasoma tena, akanitazama. Akanipa kazi ya kusafirisha kahawa kwa lori. Funguo za ghala akampa mtu mwingine. Sikujali, usafirishaji ndio ulionipa lori la pili. Na barua akanirudishia, nami nikaitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika dukani juu ya kaunta, kati ya leseni na kalenda. Ilikaa pale miaka. Kila aliyeingia nilimwonyesha. Makarani wa chai, walimu wa sekondari, padri mmoja, wote waliisoma. Wengine walikohoa. Mmoja aliniambia, "Mzee, hii barua ungeiweka ndani." Nikadhani anaihurumia, jua lisiifubaze.

Aliyenisomea ni binti yangu, alipofika kidato cha tatu. Nilimwita mbele ya wateja ili nao wafaidi.

"Inasema, 'Ninamjua mtu huyu miaka mingi. Ni serious. Ni earnest, sijaona anayemzidi kwa kazi.'"

"Mnasikia?" nikawaambia wateja. "Endelea, mwanangu."

Hakuendelea.

"Endelea, wewe! Umesahau Kiingereza?"

"Baba, twende ndani."

"Soma hapa hapa!"

Akasoma kwa sauti ndogo. "'Kama ni sincere, hilo namwachia mwenyewe.'"

Nilishusha fremu, nikawasha gari, nikaenda Ibighi. Mwalimu alikuwa ameacha kibaraza kwa sababu macho yamekwisha na miguu imevimba. Nilimkuta sebuleni amejifunika blanketi, na sikumsalimu hata. Nilimwambia yote niliyomfanyia. Nikahesabu: lori la msiba, ng'ombe, mabati ya jiko. Nikamuuliza mimi nimemkosea nini hata anitundike uchi dukani kwangu mwenyewe.

Alisubiri nimalize. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa karatasi. Karatasi ya daftari, ina doa la mafuta ya taa.

"Soma. Hii ni ya Kiswahili."

Niliijua kabla sijaishika. Nilisoma polepole, kama ninavyosoma. Iliandikwa na mama mwenye nyumba, Manzese. Alisema kijana ameugua muda mrefu chumbani kwake, amekonda mpaka akawa kama mtoto, na amefariki. Majirani wamechanga, wamemzika. Alisema samahani kwa kuchelewa, hakuwa na anwani mpaka alipoikuta kwenye vitu vya marehemu. Na mwisho akaandika: hakuna mtu wa kwao aliyekuja kumuulizia.

"Ilifika lini?"

"Baada ya wewe kuniambia mlango wa kijani. Siku uliposema Tanga, alikuwa hai. Alikaa wiki sita zaidi."

Wiki sita. Lori langu lilishuka Dar es Salaam mara mbili katika wiki hizo sita.

"Na ulizokuwa unamsomea mama?"

"Nilikuwa nashika hii hii." Akaikunja vizuri, kwa mikunjo yake ya zamani. "Ulishaniletea Tanga. Mimi nikaendelea nayo. Nilipofika kwenye sweta nilikuwa natazama hapa, kwenye mstari wa kuzikwa."

Hasira yangu iliondoka sijui kwa mlango gani. Nilikaa chini. Nikamuuliza, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kuuliza, "Na wewe pale, Mwalimu, ulikuwa neno gani?"

"Nimelitafuta," akasema. "Halimo katika kamusi yangu."

Sikumwomba msamaha siku ile. Mtu aliyezoea kushika mikono ya watu kwa mikono miwili na kulia misibani, siku anapotaka kuomba msamaha wa kweli anakuta vyombo vyote ameshavitumia. Niliondoka, na asubuhi yake nikashuka Dar es Salaam. Sikupakia ndizi. Dereva wangu alidhani nimechanganyikiwa: lori tupu, kilomita zote zile.

Manzese nilifika nikiuliza, karatasi ya herufi kubwa mkononi. Niliikuta mahali ilipokaa miaka yote, nyuma ya kiti cha lori, imeliwa pembe na panya. Yule mama mwenye nyumba bado yupo, mzee sasa. Alinionyesha chumba, kisha akanipeleka makaburini kwa miguu. Kibao cha mbao kilishaoza. Alijua mahali kwa sababu ya mti wa mwarobaini. Nilichimba udongo kwa vidole, nikautia kwenye kopo la kahawa. Hakuna aliyenijua pale. Hakuna aliyenitazama. Nililia kidogo sana, na bila sauti.

Niliporudi nilikwenda Ibighi moja kwa moja, na nguo za safari. Mvua inanyesha. Mwalimu alikuwa kitandani, kitanda kile kile cha mkewe, na macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Alinijua kwa hatua.

"Bwana Lori."

"Mwalimu, ugonile," nikamsalimu kwa Kinyakyusa.

"Umetoka wapi, unanuka vumbi?"

"Manzese."

Mvua ilipiga bati juu yetu. Kisha akauliza, taratibu, kama alivyowauliza watu kibarazani kwa kupitia upande mwingine, "Mlango una rangi gani?"

"Hauna rangi, Mwalimu. Ni bati la zamani, limepigiliwa kwenye mbao. Lina tundu hapa chini, kuku wanapita."

Alishusha pumzi ndefu. Nikamwekea kopo mkononi, nikamwambia ni udongo wa wapi. Aliingiza vidole, akausugua, akaunusa.

"Wa mchanga," akasema. "Migomba haitaupenda."

"Tutauchanganya."

"Na sweta?"

Ningeweza kusema limepotea. Alikuwa kipofu, na mimi ndiye pekee niliyejua.

"Nililivaa mimi, Mwalimu. Makambako. Kulikuwa na baridi."

Alirudisha vidole ndani ya kopo, akausugua udongo tena.

"Lilikutosha?"

"Mikono ilikuwa mifupi."

Masikio yake yakasogea. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye masikio hayo hayo, lakini yalisogea, niliyaona.

"Kijana alikuwa mfupi," akasema. "Kama mama yake."

Ule udongo tuliuweka yeye na mimi, nimembeba mgongoni hadi kwenye migomba, mwavuli wake mkononi mwake, haukufunguliwa. Hakunipa neno lolote siku ile, na sikuliomba. Naye sasa amelala hapo hapo, watu watatu kwenye migomba ile ile, ingawa mmoja ni kopo tu la udongo.

Barua nimeirudisha dukani, juu ya kaunta. Wanaojua Kiingereza bado wanasoma na bado wanakohoa. Lakini siku hizi wakikohoa nawasogezea kiti, naagiza chai, nawaeleza habari ya mlango.